Nyaya Tatu na Anwani Moja: Mafunzo Niliyopata Nikiunganisha Roboti Nakuru

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini viwanda vilikuwapo zamani: pareto, unga, mafuta ya kupikia, sabuni, blanketi, na hadi mwaka 2014 betri za Eveready. Ukiingia katika kiwanda cha hapa leo unaweza kukuta mashine za vizazi vitatu chini ya paa moja. Kuna mashine ya kufungasha iliyoletwa juzi kutoka India au China, mizani ya zamani yenye soketi ya pini tisa, na pembeni mkono wa roboti wa rangi ya manjano au chungwa, mtumba ulionunuliwa ng'ambo baada ya kumaliza miaka yake ya kuchomelea magari.

Kazi yangu ni kuifanya roboti hiyo isikilizane na mashine zilizoitangulia. Wengi hudhani ugumu uko katika kuufundisha mkono kuinua beli ya unga na kuipanga juu ya paleti. Hapana. Kijana mwerevu akishikishwa pendanti, ile rimoti kubwa ya kuendeshea roboti, hachukui muda kuielewa. Kinachowakesha watu ni mazungumzo: mizani iseme beli imetimia kilo 24, PLC, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mkanda, iseme beli imefika mahali pake, roboti nayo ijibu kwamba imeshaiondoa. Neno moja likipotea hapo, zamu nzima inasimama na malori yanapiga foleni nje. Haya ndiyo niliyojifunza katika kazi hiyo, kuanzia Naivasha hadi Molo.

1. Waya kwanza, programu baadaye

Kiwango cha mawasiliano ya siriali cha RS-232 kilitolewa Marekani mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya roboti ya kwanza ya viwandani, Unimate, kuanza kazi katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey. Roboti zimebadilika tangu hapo, lakini kiwango kile bado kinatumika kwenye soketi ya pini tisa. Ipo kwenye mizani, kwenye mashine za kuchapa tarehe, na ndani ya makabati mengi ya roboti za mtumba. Vijana huidharau. Mimi naipenda, kwa sababu unaweza kuipima kwa mita ya kawaida ya fundi stima.

Nyaya tatu zinatosha: pini 2, pini 3 na pini 5. Kwenye soketi ya aina ya kompyuta, pini 3 inatuma, pini 2 inapokea, na pini 5 ndiyo msingi wa pamoja. Tatizo ni kwamba vifaa vingine vimepangwa kinyume, na kitabu chake kilishapotea. Basi usibahatishe. Weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye pini 5, nyekundu kwenye pini 3, kisha ihamishe pini 2. Laini ya kutuma, ikiwa imetulia, hukaa upande wa hasi. Mara nyingi utasoma kati ya volti 5 na 12 chini ya sufuri. Ile isiyo na kitu ndiyo ya kusikiliza. Pima upande wa roboti, pima upande wa mizani, andika ulichoona kwenye karatasi ya gundi uibandike kwenye waya. Anayetuma aende kwa anayesikiliza, na kinyume chake. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na nimeona watu wakiikwepa kwa kubadilisha programu kutwa nzima.

Ukitaka kuhakikisha laptopu na kebo yako viko sawa, unganisha pini 2 na 3 kwa kipande cha waya kule mwisho wa kebo, fungua PuTTY, zima mwangwi wa programu yenyewe, kisha andika jina lako. Likirudi kwenye kioo, umetuma na umepokea. Lisiporudi, iache roboti ya watu. Kosa liko upande wako, na mara nyingi ni ile adapta ya USB. Chipu bandia zimejaa sokoni. Mwaka 2014 draiva mpya ya FTDI iliyosambazwa na sasisho la Windows ilizima chipu za kuigiza za kampuni hiyo, na watu waliolala na adapta nzima wakaamka na adapta isiyotambulika. Ndiyo maana mfukoni huwa nina adapta mbili zenye chipu za watengenezaji tofauti.

2. Tazama ni tarakimu zipi zinazoharibika

Pande mbili za laini ya siriali lazima zikubaliane mapema juu ya kasi, idadi ya biti za data, pariti, biti ya kufungia, na namna ya kuzuia mafuriko ya data. Hakuna upande utakaouliza mwenzake. Ukikosea kasi, unapata alama za ajabu tupu, na hilo hujulikana upesi. Pariti ndiyo yenye hila, kwa sababu nusu ya maneno hufika salama.

Mizani fulani ilikuwa ikituma uzito kwa biti 7 na pariti shufwa, roboti ikisoma biti 8 bila pariti. Kwa jumla zote ni biti kumi kwa kila herufi, kwa hiyo hakuna kengele iliyolia. Lakini kwenye kioo, 0, 3, 5, 6 na 9 zilifika safi, huku 1, 2, 4, 7 na 8 zikigeuka uchafu. Uzito wa 30.56 ulionekana mzuri kabisa, 24.18 haukusomeka. Meneja wa ghala alikuwa na hakika kwamba mizani inakataa beli nyepesi.

Sababu yake ni hesabu ndogo. Ndani ya kompyuta, tarakimu 3 huandikwa kwa biti zenye moja nne, ambazo ni shufwa tayari, kwa hiyo biti ya pariti hubaki sufuri na msomaji haoni tofauti. Tarakimu 1 ina moja tatu. Pariti huongeza ya nne, na msomaji asiyejua pariti huichukua kuwa sehemu ya herufi. Ukikuta orodha hiyo ya tarakimu tano nzima na tano mbovu, usitafute zaidi. Rekebisha pariti, kunywa chai.

Baada ya hapo uliza ujumbe unaishaje. Mizani nyingi hutuma mstari unaoanza na ST uzito ukishatulia au US ukiwa bado unacheza, na kuufunga kwa herufi mbili zisizoonekana, 0D na 0A. Roboti inayosubiri 0D peke yake itaiacha 0A nyuma, na ujumbe unaofuata utaanza na takataka hiyo. Washa mwonekano wa heksadesimali kwenye programu yako uone kila kitu kwa macho. Na soma zile herufi za mwanzo! Roboti ikichukua uzito wa US, inapima mtikisiko wa mkanda.

3. Udongo wetu na nyaya zetu

RS-232 ilikusudiwa umbali mfupi, kama mita 15. Ukizidi hapo nenda RS-485, ambayo hubeba ujumbe kwa jozi ya nyaya zilizosokotwa na inaweza kufika mita 1,200 kwa kasi ndogo. Weka kizuizi cha omu 120 kila mwisho wa laini, viwili tu, na upitishe kebo kutoka kifaa hadi kifaa bila kuitawanya matawi. Hayo yako vitabuni.

Jambo ambalo vitabu vya Ujerumani na Japani havilisemi ni udongo wa Bonde la Ufa. Majivu ya volkano yakikauka hayapitishi umeme vizuri, na Januari na Februari hapa yanakauka kwelikweli. Nondo ya eathi iliyopimwa vizuri wakati wa masika inaweza kuwa karibu bure kiangazi. Majengo mawili ya kiwanda kimoja, kila moja na eathi yake, yanaweza kutofautiana kwa volti za kutosha kuunguza soketi ya mawasiliano, maana ile pini 5 inayaunganisha nawe hukujua. Kisha mvua za Aprili zinakuja na radi kutoka upande wa Mau. Kati ya jengo na jengo mimi navuta faiba. Kioo hakibebi umeme, na bei yake si ile ya zamani. Mwenye kiwanda akilalamika, namwomba alinganishe na bei ya bodi kuu ya roboti, pamoja na wiki atakazosubiri ifike.

Ndani ya jengo, tenga kebo za data na zile za mota zinazoendeshwa kwa invata. Zikilazimika kukutana, zivukane kama msalaba, zisitembee bega kwa bega.

Kwa wanaofanya kazi Olkaria kuna adui mwingine. Umeme wa mvuke umezalishwa pale tangu 1981, na mvuke ule huja na gesi ya salfidi ya hidrojeni, ambayo hula shaba na fedha. Kiunganishi kilichokuwa kinang'aa kinakuwa cheusi, mawasiliano yanaanza kukatika kidogokidogo, na hakuna programu itakayokuonyesha sababu. Chomoa, tazama rangi. Kabati lifungwe vizuri, na hewa ya chumba cha vifaa ichujwe.

4. Chora anwani kabla ya kuchomeka kebo

Ukihamia Ithaneti, habari za volti zinaisha na habari za anwani zinaanza. Kila roboti huja na mazoea ya kwao. Kidhibiti cha IRC5 cha ABB hutumia 192.168.125.1 kwenye tundu la huduma. KR C4 cha KUKA hutoka kiwandani na 172.31.1.147. Laptopu yako isipokuwa katika familia hiyo ya anwani, utaita mpaka jioni usijibiwe. Mtumba nao huja na anwani za kiwanda cha kwanza, ambacho huenda kilishabomolewa.

Katika kiwanda kimoja cha huku kwetu roboti ilikuwa ikisimama ovyo, asubuhi mara moja, mchana mara nyingi. Msimamizi wa zamu alishaamua. “Fundi, hii mtumba yenu imechoka. Mwambie mzee anunue mpya.” Nilichomoa kebo ya PLC kutoka kwenye swichi, nikakaa juu ya kreti na laptopu, nikaita anwani ya PLC kwa ping. Ikajibu. Msimamizi akatazama kebo iliyoning'inia, akatazama kioo, akanitazama mimi.

Amri ya arp -a ilitoa jibu. Nusu ya kwanza ya namba ya kadi ya mtandao hutaja mtengenezaji wake, na huyu hakuwa mtengenezaji wa PLC. Alikuwa wa kamera za ulinzi. Fundi wa kamera alikuja Jumapili mitambo ikiwa imezimwa, akatafuta anwani isiyojibu, akaipata ya PLC, akakipa kinasa chake. Sikumlaumu. Hakukuwa na karatasi yoyote kiwandani ya kumwambia kwamba anwani hiyo ina mwenyewe.

Sasa kila kabati ninalofunga lina jedwali ndani ya mlango, limewekwa kwenye nailoni: kifaa, anwani, kinyago cha mtandao, tundu la swichi, tarehe. Mitambo ina swichi yake, ofisi ina yake, na katikati kuna ruta inayoruhusu kile tu kinachohitajika. Anwani za mitambo huandikwa kwa mkono. Ukiacha ruta igawe yenyewe, siku moja stima ikirudi itagawa kwa mpangilio mwingine.

5. Ping ikijibu, bado hujaongea

Ping ni kubisha hodi tu. Mwenye nyumba yupo. Kama atakufungulia ni habari nyingine. Modbus TCP hukaa kwenye mlango namba 502, EtherNet/IP kwenye 44818, roboti za Universal Robots hupokea amri za programu kwenye 30001 na 30002, nayo PROFINET hutambua vifaa kwa majina hata kabla ya anwani: ukibadilisha kifaa bila kukipa jina la marehemu, mtandao haukitambui. Jaribu mlango wenyewe. Na kama upande mmoja ni kompyuta ya Windows, tazama ukuta wake wa moto kabla hujafungua kabati.

6. Rejista ya kwanza ni ya ngapi?

Modbus ilitoka kwa kampuni ya Modicon mwaka 1979 na ingali lugha ya sokoni ya viwanda vya hapa. Ni rahisi, lakini ina mtego wa kuhesabu. Kitabu cha kifaa kinasema 40001. Kwenye waya rejista hiyohiyo husafiri ikiwa sufuri. Programu nyingine zinakutolea moja, nyingine hazikutolei. Ukisoma thamani inayoonekana ya maana lakini si yako, songa hatua moja mbele au nyuma kabla ya kufikiria makubwa.

Mtego wa pili ni mpangilio wa baiti. Desimali husumbua, kwa hiyo tunatuma kilo 24.05 ikiwa 2405. Siku moja roboti ilipokea 25865 na kuitupa kila beli kwenye njia ya kukataliwa. Andika 2405 kwa heksadesimali: 0965. Geuza baiti zake mbili: 6509. Hiyo ndiyo 25865. Mizani ilikuwa sawa, waya ulikuwa sawa. Kifaa cha katikati kilichotafsiri itifaki moja kwenda nyingine ndicho kilichogeuza. Tangu hapo, kabla ya uzito wowote wa kweli, naanza na namba ninayoijua kwa sura: 4660, ambayo kwa heksadesimali ni 1234. Ikifika 3412, nimeshajua.

7. Fanya jaribio la stima

Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Viwandani hilo lilikuwa jaribio la bure, na mifumo mingi ingefaidika kufanyiwa jaribio hilo kabla ya kukabidhiwa.

Stima ikirudi, vifaa haviamki pamoja. PLC huwa tayari upesi, swichi inafuata, kidhibiti cha roboti huchukua muda mrefu zaidi. Anayeamka wa kwanza humwita mwenzake, hapati jibu, na kama programu yake imeandikwa kivivu, huandika kosa na kukaa hivyo mpaka mtu aje kubonyeza. Saa nane za usiku huyo mtu ni askari wa lango. Programu ijaribu tena na tena, ikipumzika kidogo kati ya majaribio, bila kuchoka.

Hatari zaidi ni upande unaodhani bado unaongea na mwenzake. Neno la mwisho lililopokelewa hubaki kwenye kumbukumbu, “beli imefika”, hata kama mkanda ulisimama zamani. Dawa yake ni mapigo ya moyo: kila upande huongeza namba moja kila nusu sekunde, na mwenzake huitazama. Namba ikiganda kwa sekunde mbili, mkono unasimama, na hauendelei mpaka beli ionekane upya. Zima swichi makusudi, beli ikiwa hewani, mwenye kiwanda akiwa amesimama hapo. Asiyetaka kuona jaribio hilo hajawa tayari kuipokea mashine.

Kitufe cha dharura hakipiti kwenye mawasiliano haya. Kina nyaya zake mbili kwa mbili, au itifaki ya usalama iliyothibitishwa kama PROFIsafe. Hapa sijadiliani na mtu, hata awe anaokoa pesa kiasi gani.

8. Modemu ya laini ya simu

Wauzaji wa mbali hupenda kuacha kabatini modemu yenye laini ya Safaricom ili wasaidie wakiwa kwao. Ni msaada mzuri, na ni mlango. Mwaka 2017 watafiti wa Trend Micro na chuo cha Politecnico di Milano walionyesha jinsi roboti ya kiwandani inavyoweza kuvamiwa kupitia mtandao na mkono wake kukoseshwa usahihi, na wakakuta vifaa vya viwandani vikiwa wazi kwenye intaneti. Modemu ipite kwenye VPN, iwe na swichi ya kuizima kwa mkono, na ufunguo wa kabati akae nao mtu wa kiwanda.

Vivyo hivyo na nakala za programu. Vidhibiti vingi vya FANUC vya zamani hutunza programu na mipangilio katika kumbukumbu inayoshikiliwa na betri. Betri ikifa wakati wa likizo ya Desemba, roboti inaamka haikumbuki hata anwani yake. Nakala moja iwe kiwandani, nyingine nje ya kiwanda, na nywila ziwe kwenye bahasha ya meneja, si kwenye simu ya fundi aliyehamia Nairobi.

9. Kabla ya kumlipa muuzaji

Siku hizi watu huniita roboti ikiwa bado kwenye picha za muuzaji. Ni afadhali, maana kuna jambo ambalo kontena likishafika halirekebishiki kwa bei ndogo. Tundu la Ithaneti laweza kuwapo, zima kabisa, lakini uwezo wa kulitumia ukawa umefungwa kwa leseni. Kwa IRC5, mawasiliano ya soketi yanahitaji chaguo linaloitwa PC Interface, namba 616-1. Kwa FANUC ni User Socket Messaging, R648. Kwa KUKA, EthernetKRL ni kifurushi cha pekee. Kiwanda cha magari kilichoitumia roboti hiyo kuchomelea pengine hakikuhitaji hata kimoja, na kukinunua baadaye kwa mashine ya mtumba ni safari ndefu ya barua pepe.

Kwa hiyo mwombe muuzaji awashe kidhibiti, afungue ukurasa wa chaguo zilizowekwa, apige picha kioo cha pendanti pamoja na kibao cha namba za mashine katika picha moja. Kisha aelekeze kamera ndani ya mlango wa kabati, tuone soketi zilizopo na kama betri zimo. Wengine hufanya hivyo siku hiyohiyo. Wengine hujibu kwamba hapo ghalani hakuna stima ya kuwashia mashine, na hao huwa namwambia mteja wangu awaache, hata bei yao ikiwa nusu.